UZI: HP 8300 mbili, flashi moja ya Windows 11, moja inakimbia na nyingine inaganda. Nani ana jibu?

#1 saiba_ya_umoja
Habari zenu wadau. Nina saiba ndogo, duka la intaneti, huku Umoja, Nairobi. Windows 10 ilipokatiwa masasisho Oktoba 14, 2025, hesabu ya kununua mashine mpya haikukubali, nikaamua kuzipa nguvu hizi nilizo nazo. Mbili kati yake ni HP Compaq Elite 8300, zile za ex-UK (mitumba ya Uingereza) za kulala mezani chini ya skrini. Zilikuja na i5-3470 na RAM ya 4GB. Nikazitia i7-3770, RAM 16GB na SSD ya 240GB, kisha nikapiga Windows 11 kwa flashi iliyotengenezwa na programu ya Rufus, ile ya kuruka ukaguzi wa TPM (chipu ya usalama) na prosesa. Flashi ni hiyo hiyo, vifaa nilinunua duka moja, aliyefunga ni mimi.

Moja inakimbia mpaka wateja wanaigombania. Ya pili inaganda. Haizimi, haitoi skrini ya buluu. Kishale kinatembea vizuri tu lakini ukibofya hakuna kinachoitika, taa ya diski inawaka bila kupepesa, halafu baada ya kama nusu dakika kila kitu kinafunguka kwa mpigo: madirisha yote uliyoita, na herufi zote ulizokuwa ukigonga zinajimwaga mahali usipotaka. Mtu anajaza ombi la pasipoti, unadhani atakuelewa?

Ni nini kinaweza kutofautisha mashine mbili zinazofanana hivi?

#2 chuma_chakavu
Hiyo ya pili haikutaka kutoka Uingereza. Ipe chai ya saa kumi uone.

#3 mzee_wa_luthuli
Kwanza hakikisha zote mbili kweli ni 8300. Ukizitazama kwa mbali 8200 na 8300 zinafanana, na nimeona watu wakiuziwa moja kwa jina la nyingine. 8200 ina chipseti (chipu kuu ya bodi) ya Q67, na Intel walisema wazi kwamba Q67 haipokei prosesa za kizazi cha tatu kama i7-3770. Huko mwisho wako ni i7-2600. Lakini kama i7-3770 imewaka na inaonekana kwenye BIOS, basi hapo uko na 8300 yenye Q77 na hoja yangu inakufa yenyewe.

La pili, watakuja hapa watu kukwambia ni TPM. Elite 8300 ina TPM 1.2, Windows 11 inataka 2.0, na ndiyo maana ulihitaji kuruka ukaguzi. Lakini TPM haigandishi mashine. Inakaguliwa mlangoni, ukishaingia haikufuati jikoni.

#4 kufuli_mbili
Mzee umesema kweli kuhusu TPM, ila kuna kitu cha usalama kinachopunguza kasi kweli: Memory integrity. Windows inaweka sehemu yake ya ndani nyuma ya ukuta wa mashine pepe. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 7 zina msaada wa kazi hiyo ndani ya chuma chenyewe. Cha tatu hakina, kwa hivyo kazi inafanywa na programu na prosesa inalipa. Angalia kama imewashwa kwenye moja na kuzimwa kwenye nyingine. Hiyo inatosha kuzitofautisha.

#5 pengwini_wa_rongai
Tupa Windows, weka Linux Mint. Asante, kwaherini.

#6 saiba_ya_umoja
@mzee zote ni 8300, nimesoma kibandiko na nimesoma BIOS. @kufuli Memory integrity imezimwa kote kote. Nimeangalia tena sasa hivi.

@pengwini nilijua utakuja. Wateja wangu wanakuja kufanya ritani za kodi za KRA, na wenye biashara bado wananiletea fomu za Excel zenye makro. Zikifunguka vibaya anayelaumiwa ni mimi, LibreOffice ya huko Linux haiko kwenye kaunta kujitetea.

#7 mwalimu_kayole
Samahani kwa kuingilia, lakini naona wajuzi mmekusanyika. Shuleni tuna chumba cha kompyuta, nyingi ni Dell OptiPlex 780 zenye Core 2 Duo na Core 2 Quad, msaada wa wafadhili. Tuliziongezea RAM hadi 8GB na SSD ndogo. Windows 11 toleo la 22H2 iliingia vizuri kwa njia hiyo ya flashi. Sasa nimepata toleo jipya zaidi, 24H2, na haiingii kabisa: nembo inatokea, mashine inajiwasha upya, nembo tena, bila ujumbe wowote. Nimebadilisha flashi, nimebadilisha bandari ya USB. Je, kuna swichi nyingine ya kuruka?

#8 mzee_wa_luthuli
Mwalimu, hakuna. Hapo umefika ukutani. Ukaguzi wa TPM na orodha ya prosesa ni mlinzi wa mlangoni, unaweza kumpita. Lakini kuanzia 24H2, iliyotoka Oktoba 2024, Windows yenyewe imeandikwa kwa maagizo ya prosesa yanayoitwa POPCNT na SSE4.2. Core 2 hazina. Mashine inapewa agizo isilolijua, inakufa papo hapo. Rufus haiwezi kuongeza agizo ndani ya silikoni.

Intel walianza kuyaweka kwenye kizazi cha Nehalem, 2008. Kwa hiyo hata i5 ya kizazi cha kwanza kabisa inapita. Core 2, hata iwe Quad ya kasi gani, haipiti.

#9 kijana_wa_gikomba
Mwalimu usikate tamaa. Chukua prosesa ya seva, Xeon E5450, bei yake siku hizi ni ya mutura, ina kore nne na kache ya 12MB. Ni ya soketi 771 lakini kuna kibandiko kinachobadilisha pini mbili, unakibandika chini ya prosesa, unakata vile vichuguu viwili kwenye soketi ya 775 kwa kisu, inaingia. Nimeona nyingi zikitembea hivyo. Xeon si Core 2, itapita.

#10 mzee_wa_luthuli
@kijana_wa_gikomba kibandiko na kukata soketi ni kweli, nimezifanya mwenyewe. Lakini hitimisho lako ni la kumpeleka mwalimu shimoni. E5450 ni damu moja na Core 2 Quad za mwisho, imevaa tu suti ya seva. Ina SSE4.1, basi. Haina 4.2 wala POPCNT. Atakata soketi za shule nzima kisha aione nembo ile ile ikizunguka.

Na tena hizo ni bodi za Dell. BIOS yake lazima iitambue Xeon, na mara nyingi haina habari nayo.

#11 kijana_wa_gikomba
Sawa mzee, kwa 24H2 nimekubali. Lakini kwa 22H2 ingemfaa.

#12 kufuli_mbili
22H2 imeshafungwa. Hata 23H2, kwa Home na Pro, masasisho yaliisha Novemba 11, 2025. Mwalimu, toleo la Education na Enterprise la 23H2 ndilo lenye muda kidogo, hadi Novemba 10, 2026. Kama shule ina leseni ya Education unaweza kupumua mpaka hapo. Baada ya hapo Core 2 na Windows 11 ndiyo mwisho wa ndoa.

#13 pengwini_wa_rongai
Na mimi ndipo ninapoingia, safari hii kwa adabu. Mwalimu, Mint 22 inatembea juu ya Ubuntu 24.04 na ina masasisho hadi 2029. Weka ile nyepesi, ya Xfce, kwa Core 2. Wanafunzi wanajifunza kuchapa, lahajedwali na kutafuta mtandaoni. Hakuna anayejaza ritani hapo.

#14 mwalimu_kayole
Asanteni sana wote. Nitaanza na mashine moja nione watoto watasemaje. Wale wa darasa la chini hata hawataona tofauti, tatizo langu ni walimu wenzangu.

#15 stima_na_waya
Turudi kwa mwenye uzi. Mnazunguka prosesa na Windows, hakuna aliyeuliza umeme. Pawasaplai ya 8300 ndogo ni wati 240 tu. Umetoa i5 ukaweka i7, umeongeza RAM, umeongeza SSD. Ile mashine moja pawasaplai yake imechoka, ikiombwa mzigo inayumba, SSD inapotea nusu sekunde, Windows inaisubiri. Hapo ndipo kuganda kunatoka.

#16 binti_wa_kirinyaga_road
@stima sehemu ya kwanza ya hoja yako ina shimo. i5-3470 imeandikwa wati 77. i7-3770 imeandikwa wati 77. Intel wamezipa nambari ile ile. Na SSD inakula kidogo kuliko ile diski ya kuzunguka aliyotoa. Ukijumlisha, mzigo umeongezeka kidogo sana.

Sehemu ya pili, kwamba pawasaplai moja imezeeka kuliko mwenzake, hiyo siibishi. Zimeshafanya kazi miaka mingi ofisini kwa watu kabla ya kupakiwa kontena, hatujui ipi ilikaa wapi.

#17 stima_na_waya
Nambari ya kwenye karatasi ni ya kupimia hitisinki. i7 ina nyuzi nane, ukiipa kazi yote inavuta kuliko i5. Lakini sawa, dada, nimekusikia. Nashikilia hiyo ya kuzeeka. Na ongeza kwamba mtaani kwetu stima ikipotea na kurudi huwa inarudi na hasira.

#18 pesti_ya_kijivu
Joto! Ulipobadilisha prosesa ulifuta pesti ya zamani? Nimefungua mashine za ex-UK nikakuta pesti imekauka kama ugali wa jana. Weka mpya, kiasi cha punje ya mchele, na piga vumbi kwenye feni.

#19 mzee_wa_luthuli
Alibadilisha prosesa, kwa hivyo lazima aliigusa pesti. Na joto lina dalili zake: kasi inashuka polepole, feni inalia, ikizidi mashine inazima kabisa. Haigandi nusu dakika kamili kisha ikafunguka kwa mpigo. Huo muda wa nusu dakika mimi naona ni kama kuna kitu kinasubiri kingine hadi subira iishe.

#20 binti_wa_kirinyaga_road
Mzee ameniwahi. @saiba_ya_umoja badala ya sisi kubashiri, iulize mashine. Fungua Event Viewer, ingia kumbukumbu za System, chuja nambari 129. Kama kuna mistari ya storahci (draiva ya Windows ya diski zilizo kwenye AHCI) inayosema "Reset to device, \Device\RaidPort0, was issued", basi Windows iliiita diski, diski haikujibu, ikasubiri, ikaipiga kofi. Subira hiyo ya Windows kwa diski isiyojibu inaweza kufika makumi ya sekunde. Ndiyo nusu dakika yako. Linganisha saa za mistari hiyo na saa mashine ilipoganda. Na ufanye hivyo kwa mashine zote mbili.

#21 chuma_chakavu
Dada huyu anapaswa kulipwa. Sisi wengine tupo kwa ajili ya kelele.

#22 saiba_ya_umoja
Nimefanya. Ile inayoganda ina mistari ya 129 kibao, na saa zinaoana kabisa na malalamiko ya wateja. Binti, heshima.

Sasa lililonichanganya: hata ile nzuri inayo. Michache, lakini ipo, na hakuna mtu aliyewahi kuilalamikia.

Nikabadilishana SSD. Ile ya mashine mbovu nikaiweka kwenye nzuri, na ya nzuri kwenye mbovu. Mashine mbovu ikakaa vizuri tangu asubuhi, nikaanza kushukuru, jioni ikaganda. Mashine nzuri na SSD ya kushukiwa haijaganda hadi sasa.

#23 stima_na_waya
Pawasaplai. Nimesema.

#24 kebo_nyekundu
Ni kebo ya SATA, ile inayounganisha diski na bodi! SSD imehama, kebo imebaki. Ile kebo ya ndani imekunjwa pale inapopita chini ya kile kikapu cha diski, tena imekunjwa miaka yote hiyo. Badilisha kebo, bei yake haifiki bei ya chakula cha mchana.

Halafu angalia umechomeka wapi. Q77 ina bandari mbili za SATA za gigabiti 6, zilizobaki ni za gigabiti 3. Pengine moja iko kwenye ya haraka na nyingine iko kwenye ya polepole.

#25 mzee_wa_luthuli
Kebo nakubali. Bandari ya gigabiti 3 haigandishi, inapunguza tu kasi ya juu, na kwa kazi za saiba mteja hata hatajua.

#26 dukani_kwetu
Nyinyi wote mnaogopa kusema: hizo SSD za bei rahisi hazina DRAM yake, ile kumbukumbu ndogo ya kuzisaidia kupanga data. Zikijaa kidogo zinahitaji muda wa kupanga nyumba, na wakati zinapanga hazipokei wageni. Mwenye uzi alisema ya nzuri pia ina mistari ya 129. Kwa hiyo zote mbili ni dhaifu, moja imewahi tu kuzidiwa. Nauza hizi vitu, najua.

#27 binti_wa_kirinyaga_road
@dukani_kwetu basi kwa nini ile SSD ya kushukiwa imetulia kwenye mashine nyingine? Nasi hatujui imejaa kiasi gani. @saiba tuambie.

Kuna mshukiwa mwingine ambaye hajatajwa: usingizi wa waya. Kontrola ya SATA huwa inailaza njia ya diski ili kuokoa umeme, na baadhi ya SSD zikilazwa haziamki vizuri. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna chaguo la AHCI Link Power Management, limefichwa, linafichuliwa kwa rejistri. Ukiliweka Active njia hailali tena. Kwa desktopu ya saiba umeme utakaopotea ni wa kupuuza.

#28 rejista_tupu
Pengine mashine moja BIOS yake iko kwenye IDE, ule mtindo wa zamani wa kuongea na diski, badala ya AHCI?

#29 binti_wa_kirinyaga_road
Ingekuwa IDE, jina la storahci lisingekuwepo kwenye kumbukumbu. Hiyo tumeifuta.

#30 mtu_wa_kisauni
Salaam kutoka pwani. Huku kwetu kabla ya yote hayo tunatoa RAM tunasugua meno yake kwa kifutio cha shule, tunairudisha. Hewa ya chumvi inakula shaba. Msicheke, nimefufua mashine nyingi kwa kifutio kuliko kwa Event Viewer. Ndugu yangu wa Umoja, RAM hiyo 16GB ni vipande vingapi, na ni vya aina moja?

#31 saiba_ya_umoja
@binti SSD zote ziko chini ya nusu. Hiyo ya kulaza njia naijaribu usiku nikifunga.

@mtu_wa_kisauni ile nzuri ni vipande viwili vya 8GB. Ile mbovu ni vinne vya 4GB, viwili vilitoka mashine nyingine. Sikuwa nimefikiria hilo.

#32 mtu_wa_kisauni
Haya! Nilisema mimi.

#33 kufuli_mbili
RAM mbovu ingekupa skrini ya buluu, au brauza kufunga kurasa ovyo, au faili kuharibika. Kuganda kwa diski peke yake sijawahi kuona. Lakini piga MemTest86 usiku mmoja, haigharimu kitu.

Na wanaonunua RAM ya DDR3 mjini: kuna vipande vya 8GB vya bei ya chini sana ambavyo vinafanya kazi kwenye bodi za AMD tu. Kwenye Intel kama hizi haviwaki kabisa. Uliza kabla ya kulipa.

#34 mhariri_wa_usiku
Nimesoma uzi wote nikiwa nimengoja video itoke. Upande wetu wa Apple hadithi ni hiyo hiyo na koti tofauti. Nina Mac Pro ya 2009. Ilizaliwa modeli 4,1, ikapewa firmware ya modeli 5,1 iliyofuata kwa njia isiyo rasmi, sasa ina Xeon X5690 ya kore sita na RX 580. Rasmi Apple waliishia macOS El Capitan kwa ya 2009; 5,1 za 2010 na 2012 ndizo zilifika Mojave, tena ukiwa na kadi ya picha yenye Metal, teknolojia ya picha ya Apple. Mimi niko kwenye macOS mpya zaidi, Monterey, kwa OpenCore Legacy Patcher, programu isiyo rasmi ya kuweka macOS mpya kwenye Mac za zamani, na sitoki hapo. Ventura, inayofuata Monterey, na kuendelea draiva za AMD zinataka maagizo ya prosesa yanayoitwa AVX2, X5690 haina hata AVX ya kwanza. Patcher inazunguka hilo, lakini mimi napata riziki na mashine hii, sitaki mazunguko.

#35 chuma_chakavu
Mac Pro ya 2009 Nairobi. Ilipita mlango gani?

#36 mhariri_wa_usiku
Mlango wa mbele, na watu wawili wakiibeba. Ina karibu kilo 18.

#37 kijana_wa_gikomba
Mkuu, nami nimepata moja ya 2009 yenye prosesa mbili. Nataka kuiwekea X5690 mbili. Natoa tu na kuingiza?

#38 mhariri_wa_usiku
Simama hapo hapo! Ya prosesa moja, ndiyo, unatoa na kuingiza. Ya prosesa mbili ya 2009 ilikuja na prosesa zisizo na kifuniko cha chuma juu. X5690 za sokoni zina kifuniko, kwa hivyo zinasimama juu zaidi, na ukikaza hitisinki kama kawaida unaweza kuzipondea soketi zake, au kiunganishi cha feni kisifike. Ama uondoe vifuniko, kazi ya mkono usiotetemeka, ama uweke pete za chuma (washa) za kuinua hitisinki. Ya 2010 na 2012 haina shida hiyo. Na kabla ya kuweka prosesa mpya, weka firmware ya 5,1 kwanza, maana 4,1 haizijui X5690.

#39 dada_wa_imac
Mimi nina iMac ya 2013 kwa njia hiyo ya OpenCore. Inafanya kazi, ila kila nikikubali apdeti skrini inarudi bila kasi, madirisha yanaburuzika kama yamebeba mawe. Ni kawaida?

#40 mhariri_wa_usiku
Kawaida kabisa. Ile kadi ya Nvidia ya kizazi cha Kepler, Apple walitoa draiva zake kwenye Monterey. Patcher inazirudisha kwenye mfumo, apdeti inazifuta, unapiga patch tena. Zima apdeti za kujiendesha, uzichague mwenyewe siku huna kazi. Na ujue Apple wenyewe walitangaza Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Intel. Hata ukiwa na fundi mzuri namna gani, barabara hiyo inaishia hapo.

#41 msimamizi
Wapendwa wa Mac, fungueni uzi wenu tafadhali. Tuendelee na 8300.

#42 mtumiaji_wa_zamani
Mimi naona hakuna muujiza. Ni viraka vya Meltdown, lile pengo la usalama la prosesa. Microsoft walisema Januari 2018 kwamba prosesa za Haswell na za nyuma yake zitaumia zaidi. Kizazi cha tatu kiko nyuma ya Haswell.

#43 binti_wa_kirinyaga_road
Ni kweli walisema. Lakini zote mbili ni i7-3770. Zingeumia sawasawa.

#44 kufuli_mbili
Niseme jambo ambalo hamtalipenda. Hiyo ni saiba. Watu wanaingiza nenosiri la eCitizen, la KRA, la benki. Windows 11 kwenye mashine isiyo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa inapata masasisho ya kila mwezi mara nyingi, lakini Microsoft hawajaahidi. Na toleo la mwaka, mfano 25H2, halitakuja lenyewe. Lazima ulilete kwa mkono, kila mwaka, mashine moja moja. Ukisahau, baada ya miaka miwili uko kwenye toleo lililofungwa na hujui.

Windows 10 ilikuwa na njia ya halali: mwaka mmoja wa nyongeza hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft.

#45 saiba_ya_umoja
@kufuli hiyo ya dola 30 ni ya watu binafsi, si ya biashara. Nilisoma masharti.

#46 kufuli_mbili
Ni kweli, hiyo ya bei hiyo ni ya matumizi ya nyumbani. Nimekubali.

#47 dukani_kwetu
Jumlisha bei ya i7, RAM na SSD ulizotia humo mara mbili. Ongeza kidogo ungepata HP EliteDesk 800 G4 au OptiPlex 7060 ya kizazi cha 8. Hizo ziko kwenye orodha rasmi, TPM 2.0 ipo, unaweka na kulala.

#48 mzee_wa_luthuli
"Ongeza kidogo" ya muuzaji tunaijua. Lakini ushauri wenyewe ni mzuri, na niongeze tahadhari: 800 G3 ni kizazi cha 6 au 7. Muuzaji atakuonyesha Windows 11 ikitembea juu yake, atakwambia inakubali. Inakubali kwa flashi ile ile kama yako. Usisikilize kinachoonekana kwenye skrini, soma nambari ya prosesa. i5-8500, sawa. i5-7500, umerudi kwenye uzi huu.

#49 chuma_chakavu
Na ukipata ya ex-UK usitupe waya wake wa ukutani. Plagi yao ni ile ile yetu ya miguu mitatu, ina fyuzi ndani. Mjini wanatoa ule mzuri wanakupa mwepesi.

#50 stima_na_waya
Hilo ndilo neno la kwanza la maana kutoka kwako tangu nijiunge.

#51 saiba_ya_umoja
Ripoti. Nimeweka kebo mpya ya SATA na nimezima kulaza njia, vyote usiku ule ule. Asubuhi hadi mchana hakuna 129 hata moja. MemTest86 ilipita bila kosa kwa vipande vyote vinne.

#52 kebo_nyekundu
Kebo!

#53 binti_wa_kirinyaga_road
Ungebadilisha kimoja kimoja. Sasa hatujui ni kebo au ni usingizi. Rudisha kebo ya zamani, acha hilo lingine lilivyo, tuone.

#54 saiba_ya_umoja
Dada, mteja yuko kwenye kiti. Sirudishi kitu kibovu kwenye mashine inayoniingizia pesa.

Lakini subiri. Jana jioni kama saa moja, 129 moja. Haikuganda kwa muda mrefu, mteja hakulalamika, lakini mstari upo.

#55 stima_na_waya
Saa moja jioni. Mtaa mzima umewasha taa, pasi na koili. Nyoosha mkono kama unaona ninachokiona. Ile ya kwanza baada ya kubadilishana SSD pia iliganda jioni. Badilishana pawasaplai za hizo mbili, ni skrubu chache tu.

#56 dukani_kwetu
Jioni ndipo saiba inajaa wanafunzi, SSD inaandikwa zaidi. Ni DRAM.

#57 mtu_wa_kisauni
Na kifutio hajatumia.

#58 saiba_ya_umoja
Jumapili nikifunga nitabadilisha pawasaplai. Na nitasugua RAM kwa ajili ya amani na watu wa pwani. Asanteni kwa sasa.

#59 mgeni_wa_kitengela
Habari, nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Yangu ni OptiPlex 9020, kizazi cha nne, haina SSD, bado ina diski ya kuzunguka, Windows 10, sijabadilisha chochote ndani. Inaganda hivyo hivyo, nusu dakika. Je, mimi ni kebo au ni usingizi?

#60 mzee_wa_luthuli
Karibu. Nakili mafaili yako leo, kabla hujauliza swali lingine. Kisha fungua uzi wako.